Jike wa Mwisho

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote asanteni kwa kuja kusikiliza habari za paka na mbwa wasio na mwenyewe.

Mmeniomba nieleze kikundi chetu cha kujitolea kinavyofunga kizazi wanyama wa mtaani. Wengi hudhani kazi kubwa ni upasuaji. Sivyo. Paka dume, kwa daktari aliyezoea, huhasiwa kwa dakika chache. Jike huchukua muda zaidi, maana lazima tumbo lifunguliwe ili ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia, zitolewe. Lakini kazi inayotutoa jasho ni kumkamata jike wa mwisho.

Tuliwahi kushughulikia kundi la paka 11. Tukawakamata 10, tukafurahi, tukahamia mtaa mwingine. Aliyebaki alikuwa jike wa kijivu aliyekwisha kuujua mtego. Sasa angalieni: mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha, na binti zake huweza kushika mimba wakiwa na miezi minne au mitano tu. Tuliporudi baada ya mwaka mmoja, tulikuta vitoto chini ya kila gari bovu, wengine macho yameganda usaha. Kosa lile lilikuwa letu na bado linaniuma. Tangu siku ile hatufungui mtaa mpya kabla hatujaumaliza wa zamani.

Yule wa kijivu tulimpataje? Mama mmoja aliyekuwa akiwalisha alianza kumwekea chakula ndani ya mtego, mlango tumeufunga kwa kamba usishuke. Siku ya kwanza alikula ukingoni, mkia nje. Kila siku sahani ikasogezwa ndani kidogo. Siku ya tisa tukafungua kamba. Mlango ulipoanguka alirukia wavu kwa nguvu, pua ikachubuka. Tukamfunika shuka nzito, akatulia papo hapo. Giza humtuliza paka kuliko maneno yoyote. Niliweka mkono juu ya shuka nikausikia mwili wake ukitetemeka, na mama yule akakaa chini pembeni yake hadi gari likaja.

Akiwa bado kwenye dawa ya usingizi, daktari alimkata ncha ya sikio la kushoto na kumchanja kichaa cha mbwa. Alama ile ya sikio ina maana kubwa: bila hiyo, siku moja angekamatwa tena, alazwe tena, apasuliwe tumbo bure.

Kesho yake tukamrudisha palepale. Hapa ndipo tunapolaumiwa: kwa nini mnawarudisha? Kwa sababu chakula na mahali pa kujificha vilivyowavuta bado vipo. Ukiwaondoa hawa, wageni wataingia, na wageni hao watazaa.

Kwa mbwa jambo hili linagusa uhai wa watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kinachokata mnyororo ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa. Sumu haijawahi kuukata. Inaua hata waliochanjwa, na kazi inaanza upya. Kufunga kizazi huilinda ile asilimia 70, kwa kuwa hakuletwi kila msimu vitoto wapya wasio na chanjo.

Mzee mmoja aliniuliza kama hatumnyimi mnyama haki yake ya kuzaa. Ni swali la mtu mwenye huruma, na nililichukua hivyo. Nilimweleza kuhusu majike wanaozaa mfululizo hadi mbavu zinahesabika, na mbwa wanaofia pembeni ya barabara kwa usaha uliojaa kizazi. Ugonjwa huo humpata jike asiyefungwa. Hatukuafikiana siku ile, ila alitusaidia kubeba vizimba.

Fedha tunahitaji, sitaficha. Dawa ya usingizi, nyuzi na chanjo hununuliwa, hata kama daktari anatupa siku zake za mapumziko bila malipo. Lakini zaidi tunahitaji watu wanaolisha, wale wanaojua nani kajifungua, nani haonekani tangu juzi, nani hula usiku tu. Hesabu yao ndiyo ramani yetu.

Wiki ijayo tunaanza kwenye majengo yaliyo nyuma ya ukumbi huu. Majike watatu tunawafahamu. Kuna wa nne, mweusi, kifua cheupe, na hatujajua analala wapi. Yeyote anayemfahamu, tafadhali asiondoke kabla hatujaongea.