Kagua na Ubadilishe Ndani ya Kufuli Moja

Marahaba, marahaba, kaeni. Wanaonijua hapa Mtwara wanajua nimekuja na wimbo ule ule, kwa hiyo aliyeuchoka aende zake Shangani akapunge upepo, mimi simdai mahudhurio. Nasema tena: ukikagua jambo, kisha ukalifanyia kazi huku kufuli, yaani kizuizi cha kuwazuia wengine wasiguse hadi umalize, halijashika yote mawili, hujakagua kitu. Leo shahidi wangu ni kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo unaosimamia kumbukumbu na vifaa vyote.

Pakiti, vile vipande vya data ya mtandao, na bafa, kumbukumbu ya kuzihifadhi kwa muda, mmefundishwa, sirudi huko. Soketi, yaani milango ya programu kwenye mtandao, za aina ya AF_PACKET, zile ambazo programu ya tcpdump huzitumia kunusa mtandao, zina njia ya mkato. Kerneli hainakili kila pakiti na kuikabidhi kwa programu. Wote wawili wanatazama eneo moja la kumbukumbu, duara la bafa lililofunguliwa kwa mmap, wito wa kushirikisha kumbukumbu. Kasi yake tamu. Toleo la tatu la njia hiyo, TPACKET_V3, likaongeza kipima muda: bloku, kipande cha duara hilo, ikichelewa kujaa, inafungwa hivyo hivyo ili pakiti chache zilizomo zisilale humo. Kipima muda hicho ndicho kilicholeta balaa.

Sasa twendeni ghalani, na mnaocheka chekeni. Tuseme ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lina kanuni: mzigo wa daraja la kwanza unakodiwa mlinzi wa usiku, daraja la pili haukodiwi. Daraja limeandikwa kwenye kadi iliyobandikwa mlangoni. Karani anapokea korosho za daraja la kwanza, anamkodi mlinzi, anaanza kupanga magunia. Kwenye daftari bado hajaandika kwamba ghala lina mzigo. Hilo ataliandika akimaliza. Wakati huo huo, dirisha la pili, anakuja mtu: "Naomba kubadilisha kadi." Karani wa pili ana kanuni yake, na ni kanuni nzuri: ghala likiwa na mzigo, kadi haiguswi. Anafungua daftari, anaona ghala tupu, anabadilisha. Daraja la pili!

Siku ya kufunga, karani wa kwanza anasoma kadi. La pili? Basi hakuna mlinzi wa kumwachisha kazi. Magunia yanatoka, ghala linabomolewa, kiwanja anapewa mtu mwingine. Usiku mlinzi anakuja na rungu lake, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije, anaingia kwenye nyumba ya watu. Na karatasi ya maagizo aliyozoea kuisoma ukutani? Mwenye nyumba mpya ameshabandika ya kwake. Mlinzi anaisoma na kuitii, maana yeye ni mtumishi wa serikali, hana tabia ya kuuliza.

Mlinzi ni kipima muda. Kadi ni PACKET_VERSION, mpangilio wa toleo, na daraja la kwanza ni toleo la tatu lenye kipima muda. Daftari ni kielekezi cha duara, pg_vec, ambacho wakati wa kuandaa bafa bado hakijawekwa mahali pake. Uzi mmoja wa programu, yaani mkondo mmoja wa kazi zake, unaandaa duara, uzi mwingine unabadilisha toleo, kila mmoja amefuata kanuni yake barabara. Soketi inafungwa, kumbukumbu inaachiwa, kipima muda kinaamka na kuita fankisheni ambayo anwani yake imeandikwa na mshambuliaji. Ndani ya kerneli, jamani, si ndani ya programu yake.

Mtafiti wa usalama Philip Pettersson aliitangaza hitilafu hii Desemba 2016, ikapewa namba CVE-2016-8655 kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Msimbo wenyewe wenye kosa uliingia 2011. Miaka mitano macho ya dunia nzima yanapita juu yake! Na kiraka chake, yaani marekebisho yaliyoliziba kosa, ni kifupi: shika kufuli la soketi kwanza, ndipo ukague, ndipo ubadilishe. Kisomeni leo kabla hamjalala. Mnaogopa kerneli kama mwana aogopavyo jando, na wengi wenu hamjawahi kufungua faili hata moja.

Najua kuna anayenong'ona pale nyuma: "Mwalimu, soketi hizo zinahitaji CAP_NET_RAW, ruhusa ya kugusa pakiti ghafi, mtu wa kawaida hana." Umesoma vizuri, ila umesoma nusu. Tangu Linux 3.8 ya mwaka 2013, mtumiaji wa kawaida anaweza kujifungulia nemspesi yake, yaani chumba chake kilichotengwa ndani ya mfumo, na humo ndani yeye ndiye root, msimamizi mkuu. Ruhusa anajipa mwenyewe, na Ubuntu ya wakati huo iliacha mlango huo wazi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva ya pamoja alitosha. Na anayesema simu yake ni Android, kerneli yake ni Linux pia, ingawa huko aplikesheni za kawaida hazipewi soketi hizi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, mbiombio. 2017 mtafiti Andrey Konovalov, kwa syzkaller, zana inayorushia kerneli majaribio ya kubahatisha, akakuta CVE-2017-7308 kwenye fankisheni ile ile inayoandaa duara, packet_set_ring. Ukaguzi wa ukubwa ulifanywa kwa kutoa: 4096 toa namba inayozidi bilioni 2.1 kidogo, na kwenye biti 32 jibu lililopaswa kuwa hasi likatoka chanya, likapita. Linganisha, usitoe. 2020 ikaja CVE-2020-14386, jumla kubwa ikisukumwa ndani ya biti 16 ambazo mwisho wake ni 65535. Hiyo ilikuwemo tangu 2008. 

La mwisho ni ofisi moja hapa mjini, siitaji. Kijana wao alinionesha kwa fahari seva ambayo haijazimwa mwaka na ushei. Nikamwambia andika uname -r, amri inayoonesha toleo la kerneli inayofanya kazi. Masasisho yote yameshushwa, yamekaa kwenye diski, na inayofanya kazi ni kerneli ya zamani! Kusakinisha bila kuwasha upya ni bure. Nyie umeme ukikatika mnalalamika. Mimi husema angalau kerneli mpya imepata nafasi. Na kama seva haina kazi na nemspesi za watumiaji, wekeni mpangilio wa kerneli uitwao user.max_user_namespaces kuwa 0. Kontena, yaani programu zilizofungiwa kwenye mazingira yake, zinazoendeshwa bila root zitagoma. Kwenye seva ya kutunza alama za mitihani, kontena hizo mnazitaka za nini?