Usiku mmoja Oaxaca: anza na tumbo, mezcal itasubiri

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo niko Oaxaca, kusini mwa Meksiko, na kabla hujaanza kunisahihisha kwenye komenti, inatamkwa "Wahaka", ndiyo, utadhani ni kabila, mmoja Mhaka wengi Wahaka, nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee wa siti ya pembeni akaniangalia vibaya. Vidio hii ni hatua kwa hatua, yaani umeshuka hapa una siku moja tu, mchana unakula nini, usiku unaenda wapi, na kipi kinatangulia kipi. Hapo kwenye kutangulia ndio penye kazi. Siku yangu ya kwanza niliingia baa saa moja jioni tumbo halina kitu, nikapiga vikombe vitatu vya mezcal, pombe kali ya huku, haraka haraka kama mtu anayekimbiza daladala, saa tatu niko kitandani na viatu miguuni. Usiku wa watu ukaanza saa nne mimi nakoroma.

Kwa hiyo nawapeleka njia niliyopaswa kupita.

Hatua ya kwanza, hela na sweta. Toa peso kwenye mashine iliyo ndani ya benki, sio ile iliyosimama mtaani peke yake, halafu vunja noti kubwa mapema kwa kununua maji au chochote, maana mama wa sokoni ukimpa noti ya 500 asubuhi atakuangalia kama umemtukana. Sweta ni kwa sababu mji uko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, hapo katikati ya Arusha na Nairobi, mchana jua kali, usiku kibaridi kinaingia. Na teksi hazina mita, mnakubaliana bei kabla hujafungua mlango, hapo sidhani kama kuna Mtanzania anahitaji kufundishwa.

Hatua ya pili, sokoni. Njoo kama saa saba saa nane mchana, ndio muda wao wa mlo mkubwa. Kuna masoko mawili yametenganishwa na barabara moja tu, Benito Juárez na 20 de Noviembre. Hilo la pili limeitwa hivyo kwa tarehe ya kuanza mapinduzi ya Meksiko mwaka 1910. Anza Benito Juárez. Sikiliza hiyo sauti kwenye vidio, "pásele, pásele, güero", yaani pita pita, na güero maana yake mweupe. Mimi huyu. Mweusi tii kama mnavyoniona, naitwa mweupe soko zima, nikauliza nikaambiwa ndio lugha ya biashara, kila mteja ni güero, kama vile Kariakoo kila mtu anavyoitwa bosi hata kama mfukoni ana nauli tu.

Sogeza kamera hapa. Haya malundo mekundu mekundu kwenye beseni ni chapulines, panzi. Wanaoshwa vizuri, wanakaangwa juu ya comal, lile bamba la kuchomea linalofanana na kaango la chapati, na kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Najua nusu yenu mmeshakunja sura, ila watu wa Bukoba na Uganda mko kimya hapo mnameza mate, maana aliyekua na senene hapa yuko nyumbani. Tofauti ni kwamba senene ana mafuta mafuta yake matamu, huyu ni mkavu, mchachu kwa ile ndimu, anakatika mdomoni kama krispi. Mwambie akuonjeshe kwanza. Kuna wadogo na wakubwa, chukua wadogo, wakubwa miguu inakwaruza koo na hilo nalisema kwa uzoefu.

Humo humo utaona mama ana beseni kubwa la udongo limejaa kitu kama maji ya udongo yenye povu jeupe juu. Usikimbie. Hiyo ni tejate, kinywaji cha tangu kabla Wahispania hawajafika, ni mahindi na kakao na kokwa la tunda linaitwa mamey na maua fulani yananukia, vyote vinasagwa, halafu anakoroga kwa mkono wake mpaka kiwiko huku anamwagia maji kutoka juu mpaka lile povu lipande. Povu ndio sifa, lisipopanda jua hajui kazi. Anakumiminia kwenye kibuyu kilichokatwa nusu na kupakwa rangi, ila kama hujakaa hapo atakuwekea kwenye glasi ya plastiki, sema jícara, pata kile kibuyu. Ladha imetulia, sio tamu sana, ukiongeza sukari ni juu yako.

Sasa hatua ya tatu, na hapa tulieni kidogo maana ndipo wageni wanapopotea. Vuka barabara uingie 20 de Noviembre, fuata moshi. Sitanii, fuata moshi, kuna ujia mzima unaitwa pasillo de humo, ujia wa moshi, kushoto na kulia majiko ya mkaa na nyama zimetundikwa kama kanga dukani. Wakenya mtaelewa haraka kuliko wote kwa sababu ni kama nyama choma ya kule kwenu, unachagua nyama, inapimwa kwenye mizani, inachomwa mbele yako. Ila hapa kila kitu kina mtu wake. Mmoja anakuuzia vitunguu vya majani na pilipili zinazochomwa pamoja na nyama, mwingine nyama, mwingine tortilla, yaani chapati zao za mahindi, mwingine kachumbari yao na parachichi, na kila mmoja unamlipa kivyake. Mara ya kwanza nilidhani nimelipa yote kwa mama wa nyama, nikajikuta nimezungukwa na wadada watatu wanadai haki yao na mimi mdomo umejaa. Kwa hiyo mboga kwanza, halafu nyama, kaa kwenye meza, vingine vitakufuata vyenyewe.

Ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, simamisha vidio hapa. Nyama ziko za aina mbili zinazofanana ukiwa na njaa. Tasajo ni ng'ombe, imekatwa nyembamba imeanikwa kidogo na chumvi. Cecina hapa Oaxaca ni nguruwe, imepakwa pilipili nyekundu. Nasema hapa Oaxaca kwa sababu mikoa mingine ya Meksiko ukisema cecina unaletewa ng'ombe, kwa hiyo usitegemee ulichosoma kabla hujaja. Soseji zao zile nyekundu, chorizo, nazo nguruwe. Na kumbuka jiko ni moja, waya ni mmoja, mafuta yanachuruzika pamoja. Anayeshika sana dini bora apite zake akale tortilla na mayai na jibini upande wa vibanda, na bado awaulize maharage yamepikwa na nini, "¿tiene manteca?", maana manteca ni mafuta ya nguruwe na wanayapenda mno.

Jambo dogo hapa lilinifurahisha. Mtu akipita ukiwa unakula, hakujui wala humjui, anakwambia "provecho", kama kukutakia chakula kikae vizuri. Kwetu anayekula ndiye anayesema karibu. Huku ni yule anayepita ndiye anayesema, na ukinyamaza unaonekana huna adabu, jibu gracias.

Mole, yale marojo yao mazito ya pilipili na viungo, mtaniuliza. Wahaka wanajisifu wana mole saba, nyeusi, nyekundu, coloradito, ya njano, ya kijani, chichilo na manchamanteles, hilo la mwisho maana yake ni mchafua vitambaa vya meza, na ni kweli, shati langu lile la buluu limeishia hapo. Ile nyeusi ndio mfalme, ni rojo la pilipili kavu za chilhuacle, viungo, njugu, chokoleti kidogo, na wanaunguza makusudi mbegu za pilipili na tortilla mpaka ziwe nyeusi kabisa, ndiyo inatoka ile rangi. Inapikwa siku nzima. Kuku wala sio mwenye chakula, kuku ni kisingizio cha kula rojo. Ila ushauri wangu, usile mole na nyama za moshi siku moja, na mole usiile usiku, nzito ile. Nunua ya kusagwa kabisa iliyo kama uji mzito, pale pale sokoni wanakufungia kwenye mfuko, unaondoka nayo.

Hatua ya nne, kalale. Kweli, kalale masaa mawili.

Hatua ya tano, saa kumi na mbili jioni toka utembee. Anzia Zócalo, uwanja wa kati, kuna miti mikubwa, baluni, marimba inapigwa, mahindi ya kuchemsha yanapakwa mayonezi na jibini na pilipili, ndiyo, mayonezi kwenye hindi, jaribu kwanza ndio utukane. Halafu panda mtaa wa Macedonio Alcalá, hauna magari, mpaka kanisa la Santo Domingo. Kama ni Jumamosi una bahati, kwa sababu hapo ndipo harusi zinapotoka, na harusi ya Oaxaca haipandi gari, inatembea. Wanaita calenda. Mnaona hapo, mbele kuna tufe kubwa la kitambaa limeandikwa majina ya maharusi, mtu analizungusha juu ya mti, halafu madoli marefu kuliko mlango, bibi na bwana harusi, ndani ya kila doli kuna mtu anacheza, wanawake wamebeba vikapu vya maua kichwani, na nyuma bendi ya tarumbeta inapuliza mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Nilipozisikia zile tarumbeta nikasema ah, hii ni Dar Jumamosi jioni, kasoro wale jamaa wetu wanapulizia juu ya pikapu. Wapita njia wanaingia nyuma wanacheza, hawafukuzwi. Mtu atakupa kikombe kidogo cha mezcal. Kipokee, shukuru, na usigeuke mwenyeji.

Hatua ya sita, mezcal yenyewe. Sasa saa nne, umeshiba, umetembea, ingia mezcalería, baa ndogo, taa hafifu, ukuta mzima chupa. Mimi ni mtoto wa Tanga kwa hiyo hapa nina la kusema, nivumilieni. Mezcal inatokana na agave, na agave ni ukoo mmoja na mkonge wetu. Mkonge ule ule. Asili yake ni Meksiko, hata jina sisal ni la bandari ya Yucatán, na Mjerumani mmoja Richard Hindorf ndiye aliyeuingiza Tanganyika mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika Tanga hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo ikazaa mashamba yote yale ya Korogwe na Muheza. Sisi tukatoa nyuzi tukasuka kamba. Wenzetu wakapika gongo. Nilipoliona shamba la espadín, aina ya agave inayolimwa, nje ya mji, mistari imenyooka, majani yamechongoka, nilikaa kimya nikamkumbuka babu.

Wanavyoipika, majani yanakatwa inabaki kiini kikubwa wanakiita piña, nanasi, kwa jinsi kinavyofanana. Kinazikwa kwenye shimo lenye mawe ya moto siku kadhaa, ndio maana ya ule moshi mdomoni, halafu kinasagwa na jiwe kubwa la duara linalovutwa na farasi, kinachachushwa kwenye mapipa ya mbao, kinapikwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba. Ile wanayoiandika ancestral kwenye lebo inapikwa kwenye vyungu vya udongo. Espadín inasubiri shambani miaka kama sita mpaka minane, na kuna za porini kama tobalá zinasubiri zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiambiwa bei ya tobalá usipige kelele.

Kuagiza, anza na espadín, kikombe kimoja, na maji pembeni. Hainywewi kwa kumwaga kooni, hayo mambo ya kufumba macho na kulamba chumvi acha huko huko kwenye sinema. Wao wanasema unaibusu, midomo tu inagusa, unangoja, unabusu tena. Kikombe kimoja nusu saa. Inakuja na vipande vya chungwa vimenyunyiziwa chumvi yenye vumbi jekundu, hilo vumbi ni pilipili na viwavi wa agave waliokaushwa wakasagwa, sasa umeshakula panzi mchana usiniletee ukorofi saa hizi. Kuna msemo wao, para todo mal mezcal, para todo bien también, kwa kila baya mezcal, na kwa kila jema vile vile, na wakongwe wanamalizia kwamba isipokuwepo dawa basi lita moja na nusu. Wewe usifike huko. Viwili, vitatu ukiwa unajiweza, toka nje.

Hatua ya saba ndio niliyowaitia. Saa sita usiku, tlayuda. Klabu zipo, nimeingia, muziki ule ule wa kila mahali, nikatoka. Watu wa hapa usiku wao unaishia kwenye mkaa. Nenda mtaa wa Libres, utawaona wamepanga mstari kando ya barabara, wanafunzi, madereva, wenye suti, wapenzi waliogombana. Tlayuda ni tortilla kubwa kama sinia dogo, imekaushwa nusu, ngumu kidogo. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndio maana harufu yake sio ya dona hata kama rangi inakaribia. Anapaka asiento, anapaka maharage ya kusaga, anatupia kabichi, halafu quesillo, jibini ya nyuzi inayozungushwa kama mpira wa uzi, anaikunja katikati na kuilaza juu ya makaa moja kwa moja, nyama juu yake au pembeni. Asiento ni mashapo ya mafuta ya nguruwe, kwa hiyo sema mapema, "sin asiento, con tasajo", usingoje ameshapaka. Kula kwa mikono, ivunje, majivu kidogo kwenye pembe ni sehemu ya chakula.

Kama mnapanga safari, Julai kuna Guelaguetza, ngoma za mikoa yote ya jimbo, na mwisho wa Oktoba mpaka mwanzoni mwa Novemba kuna siku za wafu, vyumba vinajaa miezi kabla, lipia mapema.

Na asubuhi kichwa kikiwa kizito, rudi 20 de Noviembre, agiza chocolate de agua na pan de yema. Chokoleti ya maji, haina maziwa, ina lozi na mdalasini, mama anaipekecha kwa mti kati ya viganja viwili mpaka itoe povu, na ule mkate wa mayai unauchovya kama unavyochovya andazi kwenye chai, usiuache sana unakatikia ndani. Wangu umekatika hapo mmeuona. Ngoja nitafute kijiko.