Funika Sufuria: Chai za Viungo Wakati wa Baridi ya Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuja na manyunyu haya.

Julai yetu mnaijua: jua linajificha mpaka alasiri, na usiku joto hushuka hadi digrii 11 hivi. Basi kila nyumba inachemsha tangawizi. Kinachonisikitisha ni namna tunavyoichemsha. Kila kitu kinatumbukizwa pamoja, sufuria wazi, mpaka jirani anasikia harufu. Jamani, harufu hiyo ndiyo chai yenyewe! Karafuu, iliki na mchaichai vina mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Kikombe kinabaki na ukali mtupu.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakifika kama digrii 94, si 100 kama ya Mombasa. Magome na mizizi huku juu yanataka muda zaidi. Dakika alizokufundisha shangazi wa Likoni hazitoshi Kangemi.

Tufanye hivi, kwa vikombe vinne. Twanga tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba. Itie kwenye maji baridi pamoja na kijiti cha mdalasini, punje chache za pilipili manga na karafuu tatu. Karafuu zikizidi hutia ganzi ulimi na kufunika ladha nyingine zote. Funika, ikichemka punguza moto, uache dakika 20. Zima. Sasa ndipo uingize iliki zilizopondwa, mchaichai na mnanaa, kisha ufunike tena kwa dakika 5 au zaidi kidogo. Ndimu na asali ni za kikombeni, mwisho kabisa.

Mdalasini naomba tuukazie macho. Unaouzwa mara nyingi ni kasia: gome nene, gumu, lililojikunja mara moja. Mdalasini wa kweli una tabaka nyingi nyembamba na huvunjika kwa vidole. Kasia ina kemikali ya asili iitwayo kumarini kwa wingi, na kumarini ikizidi siku baada ya siku inaweza kudhuru ini. Ukienda Ngara au soko la City Park, mwombe muuzaji akuvunjie kijiti mbele yako. Wa unga huwezi kuutambua, ndiyo maana mimi siununui.

Je, chai hii inaponya mafua? Hapana. Ukali wa tangawizi unaamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi joto, kama pilipili. Unajisikia umepashwa, koo linalainika, unalala vizuri. Hilo si dogo kwa mtu anayekohoa usiku. Lakini kifua kikibana au homa isiposhuka, nenda zahanati. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kunywa tangawizi nyingi.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia. Na anayepikia makaa, tafadhali, chai ikiiva jiko libaki nje. Usiliingize chumbani lipashe kitanda huku madirisha yamefungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Karibuni maswali.