Maspika Kwanza, Reggae Baadaye

Mambo vipi familia? Salamu kutoka Brixton, London kusini. Wajamaika wamejaa mtaa huu, na mmenisumbua sana: ska, reggae, dancehall, tofauti ni nini? Haya, leo tumalize.

Kingston, mji mkuu wa Jamaika, miaka ya 1950. Mtu wa mtaani hana hela ya kwenda kuona bendi hotelini. Akina Duke Reid na Coxsone Dodd wanafunga maspika makubwa uwanjani, wanapiga sahani za R&B za Marekani, getini kiingilio, ndani bia. Vigodoro kabisa! Na ushindani wake usipime: ukipata sahani kali unakwangua lebo, mpinzani asijue umepiga nini.

Marekani ikahamia rock and roll, sahani za aina ile zikaadimika. Basi wakarekodi za kwao, wakichanganya R&B na mento, muziki wa shamba wenye banjo na rumba box. Hilo ni sanduku la vyuma vya kudonoa, ndugu wa ilimba ya Wagogo, ila kubwa, mpigaji analikalia. Ikatoka ska: mwendo wa kasi, gitaa linakata katikati ya mapigo, tarumbeta juu. Uhuru wa Jamaika wa Agosti 1962 ukaikuta imepamba moto.

Mwaka 1966 mwendo ukapungua, besi ikaja mbele, wakaiita rocksteady. Haikudumu. Mwaka 1968 Toots and the Maytals wakatoa "Do the Reggay", jina likashika. Bob Marley mnamjua, simrudii.

Mimi ninayemvulia kofia ni King Tubby, fundi wa redio na amplifaya. Alikuwa anatoa sauti ya mwimbaji, anabakiza besi na ngoma, anatia mwangwi. Ndiyo dub hiyo. Juu yake akina U-Roy wakaghani. Kijana wa Kingston, Kool Herc, akahamia Bronx, New York, na mapenzi yaleyale ya maspika. Pati yake ya 1973 ndiyo watu wanaihesabu kuwa mwanzo wa hip hop.

Halafu 1985: prodyuza King Jammy na mwimbaji Wayne Smith wanatoa "Under Mi Sleng Teng", biti yote ya kinanda kidogo cha Casio. Studio zikaanza kuachana na bendi, dancehall, yaani mtoto wa reggae wa kughani na kuimba juu ya biti, ikawa ya mashine. Na biti ile iliwekwa kiwandani Japani na dada mmoja, Hiroko Okuda, ambaye chuoni aliandika tasnifu yake kuhusu reggae. Haya, tuonane Jumapili!