Rangi ya Nyumba Haichaguliwi Dukani

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliokaa nyuma sogeeni, viti vya mbele havilipiwi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipoolewa tukapata nyumba ya kupanga, na jambo la kwanza nililotaka ni sebule ya kijani. Dukani nilionyeshwa kadi yenye vipande vya rangi vidogo kama stempu, nikadondokea kimoja: kijani cha embe bichi. Fundi akapaka Jumamosi. Jumapili asubuhi ilikuwa raha tupu. Ilipofika saa tisa alasiri, ukuta ukageuka mchicha uliopitiliza motoni! Nikamlaumu fundi, nikalilaumu duka. Wiki nzima ilipita kabla sijachungulia nje. Dirisha langu lilitazama paa la jirani, bati jekundu. Jua la alasiri likilipiga lile bati, mwanga unaingia kwangu umeshajaa wekundu, na wekundu juu ya kijani huzaa udongo.

Tangu siku hiyo mteja wangu hanunui ndoo ya rangi kabla hajaujua mwanga wa chumba chake. Chukua robo lita, paka boksi kubwa lililokunjuliwa, liegemeze ukutani siku mbili. Litazame asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha usiku taa zikiwaka. Na taa zenyewe soma boksi lake: palipoandikwa 2700K mwanga ni wa manjano, kama wa kandili, 6500K ni mweupe unaovuta ubuluu. Ukuta wa krimu chini ya taa hiyo ya pili unakufanya usubiri kuitwa na nesi.

Sasa twendeni Lamu. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wageni wakifika hupiga picha za milango. Sawa, milango mizuri. Lakini mimi huwaomba wainue macho darini. Pale juu kuna boriti za mikoko, na mkoko haukupi urefu unaoutaka wewe, hukupa ulio nao. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile za kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki hata mita tatu. Mti ndio uliopima chumba. Mnapouliza kwa nini vyumba vya nyumba moja vinaelewana, jibu liko hapo darini: vyote vimepimwa na mti mmoja.

Kisha tazameni zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kauri. Ukuta ni mweupe, zidaka nyeupe, nakshi ya plasta nayo nyeupe. Mbona haichoshi? Kwa sababu kila kidaka kina kivuli chake, na kivuli hicho hutembea na jua. Saa tatu ukuta una sura moja, saa kumi una nyingine. Hakuna duka linalouza rangi ya namna hiyo.

Na weupe wenyewe ni chokaa. Matumbawe yanachomwa kwa kuni hadi yawe chokaa, chokaa inalowekwa, inapakwa, halafu polepole inavuta hewa na kugeuka jiwe tena. Ukuta wa namna hii unapumua: unyevu ulioingia unapata njia ya kutoka. Anakuja mwenye nyumba leo, anaukandika simenti, juu yake rangi ya mafuta ili ing'ae. Unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma, na baada ya masika rangi inavimba kama andazi, inabanduka. Anapaka tena. Mwaka wa tatu anasema nyumba za mawe ni mbovu.

Wengi huniuliza, sasa rangi ngapi chumbani? Mimi huwaambia walete kanga. Si utani. Itandaze mezani: mji ni sehemu kubwa, pindo linauzunguka, jina ni mstari mwembamba tu. Rangi mara nyingi hazizidi tatu nne, lakini hazikugawana sawa, na hapo ndipo utamu ulipo. Rangi ya mji ipeleke ukutani, ya pindo kwenye mapazia na mkeka, ya jina kwenye mto mmoja au chombo cha maua. Ukizipa zote nafasi sawa zitagombana mchana kutwa. Chagua kanga ambayo ungeivaa hata ikipauka, maana na ukuta utapauka.

Kuhusu maua ya plastiki sitasema mengi, naona wengine wameshaanza kunikunjia uso. Kikopo cha mrehani dirishani kinatosha, na kinanukia.

Nimalizie na vipande hivi vya ukili, msuko wa kushonea mikeka, nilivyokuja navyo. Ukindu huu mweusi ulichemshwa na mizizi ya mdaa, huu wa manjano na bizari. Ulete karibu na jicho: chane moja imekolea, ya pili yake imekosa kidogo, kwa sababu jani moja hunywa rangi kuliko jingine. Rangi ya kopo haina hitilafu hiyo, na mimi ndiyo ninayoitafuta. Vipitisheni mkono kwa mkono, mtazame karibu na dirisha kabla jua halijazama. Ila vipande ni vitano, nimevihesabu, na ninaomba virudi vitano.