Kompyuta Haikujui kwa Jina

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wenye stesheneri, Mwanga, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Wengine, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie virusi. Virusi vitasubiri, maana kuna jambo linawatoa watu jasho zaidi. Umepiga window upya, au umechomoa diski kwenye kompyuta iliyokufa ukaichomeka kwenye nyingine. Unafungua folda yenye picha za harusi ya binti yako, mashine inakwambia huna ruhusa. Picha umepiga wewe, kompyuta umenunua wewe, na akaunti umeipa jina lilelile la zamani. Sasa hiyo ruhusa aombwe nani?

Windows haitunzi ruhusa kwa majina. Kila akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye folda. Ukifuta akaunti ya Asha ukafungua nyingine ya Asha, jina limerudi lakini namba ni mpya. Kwa kompyuta, huyo ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana ukibofya kulia kwenye folda, ukaingia Properties kisha Security, kuna siku utakuta msururu wa tarakimu mahali ulipotegemea kuona jina. Jamani, hajaingia mdukuzi. Ni akaunti iliyofutwa, au ya mashine nyingine, na kompyuta hii haijui imwite nani.

Mambo haya yalikuja na NTFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, mwaka 1993, kwenye Windows NT 3.1, na yalikusudiwa maofisi. Windows 95 na 98 hazikuwa nayo. Aliyekaa mbele ya kioo ndiye aliyekuwa bosi. Majumbani yalifika na Windows XP mwaka 2001, ila hata hapo tuliendelea kuishi kama zamani, kila mtu msimamizi, yaani mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta.

Kuna akaunti ambazo hukuzifungua wewe, umezikuta. Administrator, ambayo namba yake huishia na 500 kwenye kila kompyuta ya Windows duniani, hata ukiibadilisha jina. Guest, ya mgeni, huishia na 501. Za kwenu nyumbani huanzia 1000 kwenda juu. Tangu Windows Vista, Administrator huja imezimwa, na nawaomba muiache hivyohivyo. Akaunti yako ya usimamizi, ile uliyofungua siku ya kwanza, hufanya kazi kwa mamlaka madogo mpaka kitokee kile kidirisha cha kukuuliza ndiyo au hapana. Administrator ya kiwandani, kwa kawaida, haiulizwi. Programu mbaya ikifunguliwa humo imepita moja kwa moja.

Halafu kuna SYSTEM. Huyu ni Windows yenyewe. Watu wakimwona kwenye orodha ya folda yao wanaingiwa hofu, wanamfuta. Msimfute. Huduma nyingi zinazofanya kazi nyuma ya pazia hutumia jina lake, na ukimtoa unaweza kukuta hata nakala za akiba hazichukuliki tena. TrustedInstaller, jina jingine la Windows yenyewe, naye ni mmiliki wa mafaili mengi ya Windows, na hata msimamizi hawezi kuyafuta hivihivi. Makusudi kabisa.

Turudi kwenye picha za harusi. Mmiliki wa folda na mwenye ruhusa ya kuifungua si lazima wawe mtu mmoja. Mmiliki anaweza kujikuta hawezi kusoma faili lake, lakini kwa kawaida ana haki ya kuandika upya orodha ya wanaoruhusiwa. Na msimamizi ana haki ya kujitwalia umiliki. Kwa hiyo ingia kwa akaunti ya usimamizi, nenda Security, kisha Advanced, badilisha mmiliki awe wewe, weka tiki ili vilivyomo ndani navyo vifuate, halafu jipe ruhusa kamili. Fanya hivyo kwenye folda ile tu. Mafundi wetu, na hili nalisema wakiwepo, wana tabia ya kumaliza kesi kwa kumpa Everyone, yaani kila mtu, ruhusa kamili kwenye diski C nzima. Mteja anaondoka anacheka, lakini amekabidhiwa nyumba isiyo na milango.

Kosa la upande wa pili ni kutia katazo. Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi hataki vijana wake waone folda ya mauzo, anamkataza Everyone. Everyone ni pamoja na yeye! Katazo ukiliweka moja kwa moja kwenye folda hushinda ruhusa, kwa hiyo amejifungia nje. Usitie katazo, wasiohusika waondolee tu ruhusa, basi. Vijana wapewe akaunti za kawaida, na wewe pia kwa kazi za kila siku tumia ya kawaida. Ya usimamizi ibaki kwa siku ya kuweka programu.

Mama ameuliza kuhusu flashi. Nyingi huja na FAT32 au exFAT, mifumo isiyojua ruhusa hata kidogo. Ukinakili folda yako iliyofungwa ukaiweka humo, ye yote atakayeiokota ataisoma.

Na kompyuta ikiibiwa? Ruhusa hizi ni maagizo kwa Windows tu. Mwizi akiwasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, au akihamishia diski kwenye kompyuta ambako yeye ndiye msimamizi, anafungua. Hapo kinachosaidia ni kusimba diski yote, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, kwa mfano kwa BitLocker, ambayo imo kwenye Windows toleo la Pro. Ila ule ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48, uandike kwenye karatasi kabla hujaanza, na karatasi isikae kwenye begi la laptop.