Kabla ya chupa ya losheni angalia kivuli chako: niliyowaambia wanakikoba kabla ya safari ya kisiwa cha Mbudya

Asalaam aleikum, na wale wengine habari za mchana. Jamani sogeeni huku chini ya mwembe, nyie wa kule mmekaa juani kabisa na mimi nimekuja kuongelea jua, tutachekwa.

Haya. Mnanijua, nesi mstaafu, ila kabla ya unesi mimi ni mtoto wa mvuvi wa hapa hapa Kunduchi, kwa hiyo leo nachanganya, mengine ya hospitali mengine ya baba. Mwenyekiti wetu alinitumia meseji akasema bibi njoo utuambie tununue sanskrini gani, ile losheni ya kukinga jua, maana tunaenda Mbudya na watoto. Nikamjibu nakuja, lakini sanskrini nitaisema mwishoni mwishoni, kwa sababu ukipakia watoto kwenye boti saa tano asubuhi ukawarudisha saa nane, hata uwapake chupa nzima ya bei mbaya umetupa hela yako.

Na nasema hivi kwa sababu yamenikuta mwenyewe. Niliwapeleka wajukuu kwenye fungu la mchanga, lile jeupe pee, halina mti, halina kibanda, siku yenyewe bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, na mimi mtoto wa mvuvi mzima sikuangalia mwezi, tumefika saa tatu tunashangilia, maji yakawa yanatoka tu yanatoka, kuja kustuka boti imekaa mchangani na nahodha anawasha sigara anasema tusubiri maji. Tukakaa pale mpaka saa saba. Mjukuu wangu wa miaka saba, mweusi huyo kama mimi, alikuwa kifua wazi muda wote huo. Sanskrini nilikuwa nayo, nilimpaka asubuhi mara moja usoni nikaona nimemaliza. Usiku hakulala. Mgongo haugusiki, una moto kama pasi, na baada ya siku nne ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Mama yake aliniangalia lile jicho, si mnalijua jicho la mkwe.

Kwa hiyo la kwanza tulitoe njiani, ile kwamba sisi weusi jua halituunguzi. Linatuunguza. Ni kweli weusi wa ngozi unakinga, ngozi nyeusi sana imepimwa ikaonekana inakinga kama losheni ya namba 13 hivi, ile namba ya kinga (SPF) inayoandikwa kwenye chupa, lakini 13 sio ukuta. Tofauti ni kwamba mzungu akiungua anakuwa mwekundu unamuona tangu mbali, mtoto wako hawi mwekundu, anakuwa wa moto, ngozi inavuta, inawasha, analalamika shati linamuuma na wewe unamwambia acha kudeka.

Sasa nije kwenye kivuli. Baba yangu hakuwa na saa. Akiwa ufukweni anataka kujua alasiri imeingia au bado, anasimamisha upondo, ule mti wa kusukumia chombo, mchangani anaangalia kivuli chake. Nyie mliosoma madrasa mnajua, kwetu Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, sala ya alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kidogo kilichokuwepo adhuhuri. Basi miaka mingi baadae niko kazini, wanatufundisha mambo ya mionzi ya jua, mkufunzi anasema kanuni rahisi ni kwamba kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe basi jua ni kali, jifunike, kikiwa kirefu kuliko wewe limepungua. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu si anatangaza alasiri!

Yani saa ya jua tunayo, tena inaadhiniwa. Hapa Dar jua linakuwa utosini sio saa sita kamili, linachelewa kidogo, mwezi wa kumi inakaribia saa sita na dakika kumi, mwezi wa pili mwishoni na wa tatu mwanzoni inafika saa sita na nusu na zaidi. Toa masaa matatu nyuma, ongeza matatu mbele, hapo ndio kivuli kifupi, kwa mwezi wa kumi ni takriban saa tatu na dakika kumi asubuhi mpaka saa tisa na dakika kumi. Na mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe kumi ya Oktoba jua linapita juu yetu kabisa, simamisha fimbo mchana huo haina kivuli. Safari yetu si ni mwezi wa kumi? Ndio hivyo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati, na najua kuna watu hawatalipenda hasa wanaosuka nywele asubuhi ya safari, boti iondoke saa kumi na mbili na nusu. Kunduchi na Mbudya ni dakika kumi na tano, ishirini kama mashine inasuasua. Tunafika watoto wanaogelea saa moja mpaka saa tatu, afu wanatoka majini wanaingia kwenye mabanda ya makuti, wanakula, wanalala, wanacheza karata, wanarudi majini baada ya alasiri, saa kumi na moja tunarudi. Na siku ichaguliwe kwa mwezi. Bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi, na bamvua kubwa bahari inashuka karibu mita nne, ndio yanakukuta yaliyonikuta. Mkichagua siku za maji mafu, yani maji yasiyopanda wala kushuka sana, asubuhi maji yamejaa na boti haikwami.

Sasa kwenye boti wenyewe. Hapa watu wengi hawajafikiria kitu kimoja. Mbudya iko mashariki yetu. Asubuhi tunaelekea jua linapotoka, jioni tunarudi tunaelekea linapozama, kwa hiyo kwenda na kurudi lote liko usoni! Watoto kila siku wanagombania kukaa omo, kule mbele ya boti, miguu inaning'inia, wanapigwa jua la uso na rasharasha za maji juu yake. Wageuzeni. Wakae kuelekea tezi, yani nyuma ya boti, mgongo kwa jua, wamevaa shati na laifujaketi juu, mnaimba nao wala hawatagundua. Turubai la juu ni lazima na mwenye boti aambiwe kabla ya kulipwa, sio mnafika anasema turubai limechanika wiki iliyopita.

Ila turubai halimalizi kila kitu. Mionzi inarudi kutoka chini. Povu la mawimbi linarudisha kama asilimia 25, mchanga mkavu kama 15, kwa hiyo umekaa kivulini kwa raha zako na kidevu kinaungua. Mawingu mepesi nayo yanapitisha zaidi ya asilimia 90, usiseme leo kumefunga. Na upepo, jamani upepo ndio muongo mkubwa, kusi linakupuliza unasikia baridi unavuta kanga kwa ajili ya baridi, kumbe jua linaendelea na kazi yake.

Na majini je? Mtoto akizama nusu mita bado anapata karibu asilimia 40 ya mionzi inayopiga juu ya maji. Wale wanaovaa miwani ya kuangalia samaki wanaelea kifudifudi lisaa zima, shingo ya nyuma, mgongo na nyuma ya mapaja ndio vinaungua, sehemu ambazo hakuna mtu anakumbuka kupaka.

Nguo. Angalieni akina mama wanaolima mwani kule Paje na Jambiani, Zanzibar, wanashinda majini wakati maji yakitoka, wamejifunika mikono mirefu, mtandio kichwani, kofia juu ya mtandio, wengine soksi. Hakuna aliyewafundisha, ngozi yenyewe imewafundisha. Nguo nzito yenye rangi iliyokolea inazuia kuliko losheni na haioshwi na maji. Tisheti nyeupe nyepesi ya pamba ni dhaifu, na ikilowa ndio kabisa, ukiona ngozi ya mtoto kupitia tisheti ujue na jua limeiona. Mvalishe kitambaa cha kubana kile cha michezo, mikono mirefu, rangi ya bluu nzito au nyeusi. Kofia iwe pama, au ya ukili, yenye ukingo kuzunguka kote. Kapelo inakinga paji la uso tu, masikio na shingo umeyaacha sadaka. Ifungwe kamba chini ya kidevu, la sivyo samaki wataivaa.

Haya sanskrini, najua mlikuwa mnaingojea. Namba 30 kwenda juu. Ya 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza, ya 50 asilimia 98, kwa hiyo msivunje kibubu kwa ajili ya namba kubwa. Kinachotuangusha ni ubahili wa kupaka. Mtu mzima mwili mzima anahitaji kama vijiko sita vya chai, sisi tunaminya kama dawa ya mswaki. Paka nyumbani kabla ya kutoka, robo saa mpaka nusu saa kabla ya jua, rudia kila masaa mawili na kila mtoto anapotoka majini na kujifuta, hata kama chupa imeandikwa haitoki na maji. Masikio, midomo, juu ya nyayo. Mafuta ya nazi mazuri kwa ngozi na kwa wali, kwa jua la boti hapana.

Mtoto chini ya miezi sita hapakwi hiyo, yeye ni kivuli na nguo tu, na ukiniuliza mimi hiyo safari asiende, abaki na mtu nyumbani. Mtoto mwenye ualbino aende, asiachwe hata mara moja, ila yeye ndio anapewa kiti cha kivuli kizuri kuliko wote kwenye boti, sio mwenyekiti. Losheni yao inatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, pale kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi KCMC, inaitwa Kilisun, mwenye mtoto aulizie kliniki ya ngozi mapema, sio siku ya safari.

Kuna dawa nazo zinaita jua. Unayemeza doksisaiklini, au Septrin, ngozi inaweza kuungua haraka kuliko kawaida, muulize aliyekuandikia. Na mkorogo... mnaangalia chini sasa. Simtaji mtu. Nasema tu ukishaiondoa ile ngozi uliyopewa umeondoa na ile 13 niliyosema, huko kwenye boti utakuwa pweza kwenye mkaa.

Halafu ndimu! Hii wengi hawaijui. Tutachoma samaki Mbudya, tutakamua ndimu, juisi inabaki vidoleni na kwenye midomo ya watoto, ikipigwa na jua inaunguza, kesho yake unaona mabaka, malengelenge, baadae weusi unaokaa wiki nyingi. Nimewahi kuona mtoto ana alama za vidole shavuni, watu wakashuku kapigwa, kumbe mama alimfuta mdomo na mkono wenye ndimu. Kamulieni kivulini, nawisheni mikono kwa sabuni.

Maji ya kunywa yajazwe kwenye deli, na watoto wanyweshwe bila kusubiri waseme kiu, wakicheza hawasemi. Dafu ni zuri. Mkojo ukiwa wa njano nzito ongeza maji. Mtoto akiwa wa moto sana, anatapika, anaongea vitu havieleweki au analegea, hapo sio kulala apumzike, vua nguo, mwagia maji hata ya bahari, pepea, na boti irudi muda huo huo hospitali.

Dada mmoja hapo mbele kaniuliza tangu nilipofika, mbona wavuvi wetu hawapaki chochote na wapo tu. Wapo dada. Nenda kawaangalie macho. Baba yangu alikuwa na kinyama jichoni, kile kinachoanzia pembeni karibu na pua kinatambaa kuelekea mboni, jua na upepo wa bahari miaka yote hiyo, mwisho alikuwa anauliza boti ya nani ile wakati ni ya kwake. Alifanyiwa opresheni kikarudi. Kwa hiyo miwani ya jua sio ya kupigia picha, hata watoto wavae, tafuteni iliyoandikwa UV400, ndio inayozuia mionzi, weusi wa kioo peke yake haukingi kitu.

Nusu saa yangu imeisha, naona kamati wanabishana tarehe. Mwezi unaandama wiki ijayo, hesabuni siku saba nane kutoka hapo ndio maji mafu, niambieni mimi nitafute nahodha. Na turubai nitaenda kuliona kwa macho yangu.